Mama ntilie kafungishwa jiko kwa uzushi, na waliojua ukweli walinyamaza

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na uchungu, kwa hiyo uzi ukiwa mrefu mtanivumilia. Nataka tuzungumze uzushi wa mitaani, ule unaomwangukia mtu unayemjua kwa sura. Udaku wa mastaa tuuache pembeni. Staa akizushiwa ana ukurasa wake, ana waandishi wa kumsikiliza. Mama wa jirani hana.

Mtaani kwetu, upande wa Temeke, kuna mama alikuwa anapika chini ya mwarobaini karibu na gereji. Wali maharage, ugali dagaa, Ijumaa pilau. Mafundi, bodaboda, wabeba mizigo, wote kwake. Ikifika saa saba mchana mabenchi yamejaa, wengine wanakula wamesimama, sahani mkononi. Siri ya wateja wake haikuwa siri. Mchele alikuwa anauchambua mwenyewe kwenye ungo, maharage anayaunga kwa nazi ya kukuna, halafu anakopesha. Fundi akikwama anaandikwa kwenye daftari, Jumamosi analipa.

Yakaanza maneno kwamba wali wake anaupikia maji yaliyooshea maiti.

Aliyekulia Dar anaujua uzushi huu. Ni wa zamani, unamhama mama ntilie mmoja unamrukia mwingine, na siku zote unamwangukia mwenye foleni. Sijawahi kusikia ukisemwa juu ya jiko linalolala na chakula. Mwanzo watu walicheka. Kisha bodaboda mmoja akasema tumbo linamsokota tangu jana. Kisha akatokea dada mmoja akasema, "Mbona mimi nilimwona kwa macho yangu msibani, anatoka chumba walichokuwa wanamwoshea marehemu, na ndoo mkononi!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana ni kweli alikuwepo. Marehemu alikuwa shoga yake wa miaka mingi, na yeye ni mmoja wa wanawake wanaoitwa mtaani kuosha maiti ya mwanamke mwenzao. Kazi ya heshima, haina malipo, wengi wanaikimbia. Ndiyo hiyo iliyogeuzwa ushahidi.

Wateja hawakugombana naye. Waliondoka kwa visingizio. "Leo nimeshiba, mama." "Leo nimebeba cha nyumbani." Akawa anarudi na nusu sufuria, halafu zaidi ya nusu, mwisho akafunga, akaenda kukaa kwa ndugu yake.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Maji ya kupikia alikuwa anachota bomba la gereji. Waliokuwa wanambebea ndoo kutoka bombani hadi jikoni ni vijana wa gereji hao hao, kila asubuhi, kwa malipo ya chai na maandazi. Wao ndio walioyajua yale maji kuliko mtu yeyote Temeke nzima, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini. Akanijibu, "Kaka, ningemtetea wangesema na mimi nimeshalishwa, au namtaka."

Hoja yangu iko hapo. Mzushi husema mara moja akaenda zake. Kinachoufanya uzushi uishi ni anayeujua ukweli kukaa kimya kwa kuogopa kuingizwa. Nyie mnaonaje? Na kwenu yakitokea mnafanyaje?

#2 Mchangiaji

Pole kwa huyo mama. Ila mkuu, wahenga hawakukosea: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimeishi uswahilini miaka yote, mara nyingi nikisikia jambo, baadaye linakuja kuthibitika. Moshi hauanzi wenyewe.

#3 Mleta uzi

#2 nakuheshimu, lakini hebu tazama kilichokuwepo ni kipi. Alimwosha shoga yake aliyefariki. Hilo lilikuwepo. La maji kwenye wali halikuwepo. Uzushi unaokaa sana ni ule uliobandikwa juu ya jambo la kweli, kwa sababu ukimuuliza mhusika, "Je, ulikuwa chumba cha maiti?" atasema ndiyo. Akishasema ndiyo kwa hilo dogo, watu wanamhesabia amekiri lote. Huyu mama aliulizwa swali hilo hilo mbele ya benchi, akajibu ndiyo kwa moyo mweupe.

#4 Mchangiaji

Namuunga mkono #2 kwa upande mmoja. Kumbukeni Machi 2021. Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu mwisho wa Februari. Mtaani ikasemwa anaumwa. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Majaliwa akasema Rais ni mzima, anachapa kazi. Polisi wakakamata watu kwa kusambaza habari za ugonjwa wake. Tarehe 17 usiku Makamu wa Rais, Mama Samia, akatangaza msiba.

Sasa niambieni, mwananchi aliyeambiwa "acha uzushi" tarehe 15 atamwamini nani siku nyingine? Redio mbao ilikuwa karibu na ukweli kuliko taarifa rasmi.

#5 Mleta uzi

#4 umenisaidia hoja kuliko ulivyokusudia. Mwezi ule waliokuwa wanajua ni wachache na walinyamaza. Nafasi waliyoiacha ikajazwa. Ndani ya yale yaliyosemwa yalikuwemo ya kweli na yalikuwemo mengi ya ovyo: yuko hospitali nchi hii, hapana nchi ile, ameshafariki tangu wiki iliyopita. Mwananchi hakuwa na namna ya kuchambua. Moja lilipotokea kuwa kweli, yote yakapata heshima.

Wataalamu wa saikolojia Gordon Allport na Leo Postman wa Marekani walilichunguza jambo hili enzi za Vita vya Pili vya Dunia, wakachapisha matokeo mwaka 1947. Walisema uvumi unategemea vitu viwili: jambo liwe na uzito kwa watu, na habari zake ziwe hazieleweki. Kimoja kikiwa hakipo, uvumi hausimami. Uzito wa jambo huwezi kuuondoa, afya ya Rais ni jambo zito na chakula unachokula ni jambo zito. Kisichoeleweka kinaweza kuelezwa, na wa kukieleza ni yule anayejua.

#6 Mchangiaji

Mimi natokea Dodoma na naomba mnisome taratibu, maana hili kwetu halijapoa.

Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi wilaya ya Chamwino, walifika watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Kazi yao kuchukua sampuli za udongo. Ikavumishwa ni wanyonya damu. Polisi walieleza wakati ule kwamba habari ile ilitangazwa hata kwa kipaza sauti cha kanisa. Umati ukaja na silaha za jadi. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa, gari likachomwa moto.

Watu waliokuja kuangalia udongo ili mkulima wa pale avune zaidi.

Hofu ya mnyonya damu haikuzaliwa siku ile. Babu zetu walikuwa nayo tangu ukoloni, wakiita mumiani au chinjachinja. Buguruni, Dar es Salaam, palikuwa na ghasia za mumiani mwaka 1959. Malawi mwaka 2017 watu kadhaa waliuawa na umati kwa uvumi huo huo, wilaya za kusini za Mulanje na Phalombe, mpaka Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kule kwa muda. Kwa hiyo hofu ilikuwa imekaa inasubiri gari geni tu.

Nikisoma uzi huu najiuliza jambo moja. Katika umati wa namna ile lazima kuna wenye shaka. Lazima. Kuna aliyeona wale watu wameshika vifaa vya kupimia udongo. Lakini kusema "jamani ngojeni, tuwaulize" mbele ya watu wenye mapanga kunahitaji moyo wa aina gani?

#7 Mchangiaji

Assalaam alaykum. Sisi Unguja na Pemba tuna letu, na mie nililiona nikiwa mdogo: Popobawa, lile jini linalosemwa kuvamia watu usiku. Mwaka 1995 lilianzia Pemba likavuka bahari. Watu wazima na akili zao wakawa hawalali ndani. Tulitandika mikeka uani, familia kwa familia, moto unawaka, wazee wanasoma.

La kuangalia ni hili. Ilisemwa kwamba Popobawa akimvamia mtu humwamrisha akatangaze kwa watu, na asipotangaza atamrudia. Basi kila aliyeamini alikuwa na sababu ya kwenda kumwambia jirani asubuhi. Uvumi ulikuja na amri ya kujisambaza ndani yake. Leo naziona jumbe za simu zinazosema "watumie watu kumi la sivyo utapatwa na balaa", nakumbuka yale yale.

Na lilimaliza mtu. Mjini kulikuwa na kijana mwenye maradhi ya akili, umati ukamwita Popobawa, ukamuua. Hakuwa na kosa lolote ila kutembea usiku na kushindwa kujieleza.

Kuhusu nini cha kufanya: wanawake wa kwetu tangu zamani hujibu kwa kanga. Anayesemwa hununua doti iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake," akapita nayo mlangoni kwa msemaji, polepole, asitaje jina la mtu. Mtaa mzima umeshasoma. Lakini hiyo ni kwa maneno ya kawaida ya kusemana. Kwa uzushi wa kuua, kanga haitoshi.

#8 Mchangiaji

Mimi niko Kilifi, Kenya. Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa: mara nyingine yuko mtu anayefaidika.

Kwetu wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi. Dalili inayotajwa ni mvi. Mvi! Kuna wazee wanaopaka rangi nyeusi kichwani wasije wakaitwa wachawi. Ganze kuna kituo, Kaya Godoma, kinachowahifadhi wazee waliotoroka makwao kwa sababu hiyo. Ukikaa nao wakusimulie, hadithi nyingi zinafika shambani. Mzee ana ekari, watoto ama wapwa wanataka kuuza, mzee hataki. Baada ya muda mjukuu akiugua, jina la mzee linatajwa. Nasikia kwa Wasukuma huko Shinyanga na Mwanza vikongwe walisingiziwa kwa macho mekundu, na macho yenyewe yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia.

Kwa hivyo mleta uzi, huyo mama yako, je, nani amepika hapo chini ya mwarobaini baada yake?

#9 Mleta uzi

#8 swali zito. Yupo anayepika pale sasa, lakini sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeanzisha, na nikimtaja bila ushahidi nitakuwa nafanya kitu kile kile ninachokilaumu. Nimewakataza watu wawili mtaani wasimseme.

Na kwa #6, nimekusoma mara mbili. Ndiyo maana nasema anayejua aseme mapema, ungali uvumi wa benchi. Vijana wa gereji wangeweza kusema siku ya kwanza watu wakiwa wanacheka, isingewagharimu kitu. Kila siku iliyopita, bei ya kusema ilipanda. Ukifika umati wenye mapanga, unamdai mtu mmoja ushujaa ambao watu kumi wangeugawana wiki moja kabla.

#10 Mchangiaji

Samahani, nitasema tofauti kidogo, mimi ni mwanamke na maneno ya barazani yameniokoa.

Nilipokuja mjini kufanya kazi za ndani, nani aliniambia nyumba ipi mshahara haulipwi, na baba mwenye nyumba yupi usibaki naye peke yako? Ofisi ya ajira haikuniambia. Waliniambia madada wenzangu tukiwa dukani na bombani, kwa kunong'ona. Ukiyaita hayo umbea, basi umbea huo ndio ulinzi wetu. Sisi hatuna mkataba wala wakili, tuna masikio.

Na kusemana si kubaya kote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, mwaka 2019 walichambua mazungumzo ya watu 467 ya kila siku, wakakuta wastani wa kama dakika 52 kwa siku za kumzungumzia mtu asiyekuwepo, na sehemu kubwa, kama robo tatu, haikuwa nzuri wala mbaya. Fulani kajifungua, fulani kahama, fulani kapata kazi. Tukiacha kuzungumzana tutakuwa tunaishi kama wageni.

Mimi kipimo changu ni kimoja: maneno yanaelekea wapi? Yakitoka kwa mnyonge kumtahadharisha mnyonge mwenzake juu ya mwenye nguvu, acha yasemwe. Yakimshukia mjane, mgonjwa, dada wa kazi, mgeni asiye na ndugu, hapo nasimama.

#11 Mleta uzi

Dada #10, asante sana, na naona hatupingani. Wale madada walikuwa wanajua, na walisema. Kama wangekaa kimya kwa kuogopa kuitwa wambea ungeumia wewe. Tena walikwambia nyumba gani na jambo gani. Ya mama ntilie hayakuwa na "nani kaona, lini, wapi". Yalikuwa "inasemekana".

#12 Mchangiaji

Naleta la vitendo. Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha. Mwaka mmoja karibu na kuvunja mzunguko, ikasemwa mweka hazina kakopesha fedha za kikundi kwa mdogo wake. Kikoba kinakufa kwa maneno kuliko kinavyokufa kwa wizi, kwa sababu kila mwanachama akikimbilia hisa zake siku moja, na nusu ya fedha iko mikononi mwa waliokopa, hata kikundi kisafi kinaonekana kimeibiwa.

Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, hakufanya kikao cha kuulizana nani kasema. Aliita mkutano kabla ya siku yake. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Wakaja wote watatu, likafunguliwa katikati ya mkeka. Fedha zikahesabiwa kwa sauti na wanachama wawili waliochaguliwa pale pale, sio viongozi. Kisha daftari la mikopo likasomwa jina kwa jina, na kila aliyetajwa akasimama akasema, "Ni kweli, ninadaiwa kiasi hicho." Mdogo wake mweka hazina hakuwemo, maana hata mwanachama hakuwa.

Yule mweka hazina alilia. Akasema kwa zaidi ya wiki mbili alikuwa anasalimiwa nusu nusu na hakujua kwa nini. Hilo lilinichoma. Anayezushiwa ndiye wa mwisho kusikia.

#13 Mchangiaji

Wakuu, kisheria ikoje? Huyo mama anaweza kushtaki?

#14 Mchangiaji

#13, kwa maneno ya mdomo njia ni kesi ya madai ya kashfa. Inabidi aonyeshe maneno ni ya uongo, yalisemwa mbele ya watu wengine, na yamemshushia hadhi au kumharibia kazi. Ugumu ni mashahidi. Waliosikia ni wateja, na wateja ndio hao walionyamaza. Wengi huanzia kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mhusika akaitwa, akaambiwa athibitishe mbele ya watu. Mara nyingi hapo anasema "na mimi niliambiwa", mnafuatana mpaka mnafika kwa mtu asiye na wa kumtaja.

Kwa mtandaoni ni jingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha kwa nia ya kukashifu au kutisha. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Wenye kusambaza kwenye magrupu mjue. WhatsApp wenyewe walishaona hatari: Januari 2019 wakaweka kikomo cha kutuma ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano kwa mpigo, na Aprili 2020 ujumbe uliosambazwa mara nyingi wakaushusha hadi mazungumzo mamoja. Lakini kumbukeni sheria hiyo hiyo watu wameilalamikia kwamba inaweza kumziba mdomo anayesema kweli. Nikirejea ya #4, mwaka 2021 anayeulizia afya ya kiongozi na anayemzushia jirani uchawi waliwekwa kapu moja.

#15 Mchangiaji

Nina saluni, na mnajua saluni ndiyo soko la maneno. Mteja anakaa saa nne anasukwa, hana la kufanya, mdomo utacheza. Siwazuii, nitafunga biashara.

Ila nina maswali mawili nayauliza huku nasuka, kwa sauti ya kawaida, bila kumkaripia mtu. La kwanza, "Umemwona mwenyewe au umeambiwa?" La pili, "Yeye mwenyewe anasemaje?" Hilo la pili ndilo linalowanyamazisha, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mwenyewe. Anasema, "Aa, nitamuulizaje jambo kama hilo!" Namwambia, "Basi tumsubiri, Jumamosi anakuja kuosha nywele." Wengi wanabadilisha mada.

#16 Mleta uzi

#15, nimeyachukua hayo maswali mawili. Na la #12 la kuhesabu mbele za watu nimelipeleka kwa mwenye gereji leo asubuhi. Nimemwomba kitu kimoja: vijana wawili waliokuwa wanabeba zile ndoo waseme mbele ya wenzao, saa ya chakula, bomba ni lipi na maji yalikwenda wapi. Mmoja kakubali, mwingine anasema anafikiria. Nikipata jibu lake nitaleta mrejesho.